Jiko la Moshi la Kwenda Bangale

Garsen,
Ijumaa, 8 Januari 1999.

Mwanangu Komora,

Nimekaa chini jioni hii nikiwa nimeapa kukuambia yote, hata yale ambayo mama yako alituomba tusikuandikie ulipokuwa chuoni. Ukifika mwisho wa barua hii hutaniuliza tena kwa nini nilinyamaza leo asubuhi.

Najua umecheka ulipoona neno "mwanangu". Cheka umalize. Mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na kwamba nilizaliwa nikakukuta tayari unakimbiza kuku uani hakubadilishi kitu. Wewe mwenyewe ndiye uliyewazoesha watu. Kila nikirudi likizo unanisimamisha mbele ya maduka, unainama na ndevu zako, "Shikamoo, mama mdogo, nipe ya andazi," nao wanatazama sketi yangu ya shule wanavunjika mbavu. Basi leo mama mdogo anadai haki yake. Mwanawe anahama, naye ana neno la kumwambia.

Sitakuambia habari za chandarua, dawa ya malaria, mashati meupe wala sala. Hayo ni ya mama yako, na ameyarudia hata kuku wameyakariri. Langu ni moja tu, ni lile jiko. Nakupa barua hii kabla lori halijaja, uisome kabla hujapita kwa Fundi Shee.

Kwanza nikuambie tunavyojivuna, kwa sababu hapa nyumbani hakuna atakayekuambia usoni. Siku ile habari za kazi yako zilipofika, babu yako alivaa koti lake la kanisani, siku ya katikati ya wiki, jua kali, akaenda sokoni. Hakununua kitu. Alizunguka tu, akisimama kwa kila mtu anayemjua mpaka aulizwe, "Mzee, mbona koti?" Ndipo aseme, "Aa, hili? Mjukuu wangu ni mwalimu sasa. Amepelekwa Bangale." Alirudi amelowa jasho, akalala mpaka alasiri. Mama yako naye amekuwa akiwaambia watu kwamba Bangale ni mbali na barabara ni mbaya, kwa sauti ya kulalamika, lakini ukimtazama mdomo unaona anazuia kutabasamu. Na mimi, shuleni, nimekwisha kumwambia mwalimu wetu wa sayansi ya nyumbani kwamba nina mtoto mwalimu. Aliniita pembeni akaniuliza polepole kama nina tatizo. Ilinibidi nimweleze ukoo wetu mzima.

Sasa jiko. Babu yako ndiye aliyesema kwamba kijana anayekwenda kuanzisha nyumba yake apewe moto na upande wa mama zake. Vyombo atanunua mwenyewe, kitanda atalala chini, lakini jiko atoke nalo nyumbani. Ndiyo maana tulikwenda kwa fundi sisi wawili asubuhi.

Yalikuwa majiko mawili ya kubanika kwa moshi uani kwake. Wewe ulilifuata lile jekundu kama ng'ombe anavyofuata maji. Sikulaumu, hata mimi macho yangu yalikwenda huko kwanza. Lina magurudumu, lina bomba refu lenye kofia, na mfuniko mmoja mkubwa unaofunguka kama buti ya gari. Ulilizunguka ukalipiga makofi tumboni.

"Mama mdogo, hili ndilo fiti. Nikiwa na hili, hata mkuu wa shule atakuja kuomba kazi kwangu."

Fundi Shee alikuwa amekaa kivulini, midomo imemkauka kwa saumu. Unajua watu wa Kipini hawawezi kunyamaza hata wakifunga. "Mwalimu," akasema, "hilo hupendwa na macho. Chakula huliwa na mdomo."

"Sasa mbona ulilitengeneza?"

"Kwa ajili ya macho, mwanangu. Nami nina watoto wa kulisha."

Nikakuonyesha lile la pili, lisilo na rangi, jeusi kwa mafuta ya kupikia aliyolipaka na kulichoma. Lina vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa chuma, kila kimoja na mlango wake na bomba lake, na sanduku la moto pembeni. Ukaliangalia ukasema linafanana na kabati la zahanati. Fundi akacheka. Halafu ukaniuliza mbele yake, "Vyumba viwili vya nini, mama mdogo? Bangale hakuna samaki hata wa kuchora ubaoni."

Nilinyamaza. Jibu ninalo, ila lilikuwa refu, na lina aibu kidogo ya nyumbani kwetu, na fundi yule hadithi ikiingia sikioni mwake inafika Kipini kabla ya magharibi.

Jibu lenyewe ni hili. Ulipokuwa chuoni wakati wa mafuriko, barabara ilikatika na hukuweza kuja. Shamba la mpunga lilikuwa maji matupu. Lakini samaki walikuja mpaka mlangoni. Kambare walikuwa wanaokotwa kwenye maboma ya ng'ombe. Mama yako akasema tusipowakausha kwa moshi wataoza na tutalala njaa, akaenda akachagua pipa. Alichagua kwa rangi. Lilikuwa la kijani, zuri, linang'aa, nami nilikuwa pale nikasema, "Dada, chukua hilo." Hatukuuliza lilibeba nini wala rangi ile ni ya nini. Moto ulipokolea, rangi ikaanza kuvimba na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Babu yako alionja kambare wa kwanza, akatafuna muda mrefu, akasema, "Haya, leo tunakula mlango uliopakwa rangi." Tukamtupia paka. Paka naye akanusa akatutazama.

Tulilichoma pipa lile tupu, ndani na nje, mpaka chuma kikabaki kitupu. Hapo ndipo lilipoanza kufaa. Kwa hiyo ukiona jiko lina rangi kwa ndani, hata kama ni nyekundu ya kupendeza, likimbie. Kesho fungua ule mfuniko mkubwa uchungulie. Mimi nimeshachungulia.

Msimu ule wote pipa halikupoa. Tulikausha kambare mpaka mafuta yao yakaingia kwenye chuma.

Wakati huohuo Mzee Godana, yule Muorma rafiki wa babu yako, ndama wake walikuwa wamezingirwa na maji. Unajua jinsi wakulima na wafugaji wanavyotazamana hapa kwetu maji yakiwa machache. Lakini maji yalikuwa mengi kupita ugomvi. Babu yako na wajomba walipeleka mitumbwi wakawavusha wale ndama mmoja mmoja, wamefungwa miguu, wanalia kama watoto. Maji yalipopungua, Mzee Godana akaja na beberu mnene na wanawe wawili, wakasema wamekuja kula nasi. Fikiria, Komora. Wamekuja kula kwetu. Tangu nizaliwe nilikuwa nikiwaona wanakuja, wanakaa, wanazungumza, wanakunywa chai, wanaondoka. Kula, sijawahi kuona.

Alichinja mwenyewe, kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama dini yao inavyotaka. Mama yako akataka kuwaheshimu kwa kitu bora tulichonacho, na kitu bora tulichokuwa nacho kilikuwa moshi wetu. Akaitundika ile nyama ndani ya pipa la kambare. Mimi ndiye niliyekaa nikichochea. Ilitoka nyekundu, laini, inameremeta, na sisi wote pua zetu zilikuwa zimezoea, hatukusikia kitu.

Mzee Godana akatia pande la kwanza mdomoni. Akaacha kutafuna. Akameza kwa nguvu kama mtu anayemeza kidonge bila maji, akasema, "Alhamdulillahi. Nimeshiba." Mwanawe mkubwa akanusa mkono wake, akamgeukia mdogo wake, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Huyu mbuzi alikuwa naogelea?"

Wajomba wakacheka. Mama yako hakucheka. Aliingia jikoni akakaa juu ya kinu, nami nikamfuata, na ndiyo siku aliyotuambia tusikuandikie.

Sikuweza kuliacha hivyo. Nililisugua lile pipa kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu mpaka vidole vikaniwasha. Nikalichoma tena. Nikapika kuku ndani yake. Babu akasema kuku ni mtamu, lakini ana mjomba wake mtoni. Chuma kinakumbuka, mwanangu. Kikishanywa mafuta ya samaki hakisahau, na ndani ya kutu ndimo inamojificha harufu, ndiyo maana chuma chembamba kinachoshika kutu haraka hakifai hata kikiwa bei rahisi.

Nikaenda nyumbani kwa Mzee Godana. Sikutumwa. Nilimkuta mkewe, Mama Hawo, anafukiza vibuyu vya maziwa. Anatia kijinga kidogo kinachofukuta ndani ya kibuyu, anatikisa, anamwaga majivu, anafunika ili moshi ulale humo. Kila kibuyu na kazi yake. Nikamwomba radhi kwa ile nyama. Mzee mwenyewe akasikia, akaja akakaa.

"Binti, kwani umekosa nini? Samaki dini haikatazi. Dini haina maneno. Pua ndiyo nakataza."

Mama Hawo akanipiga begani. "Wewe nasoma shule, sindiyo? Mimi kibuyu ya maziwa naweka maji ya mtoni? Hapana. Hata nikiosha. Kila kitu na nyumba yake."

Tangu siku ile, uani kwetu kuna mapipa mawili, moja nyuma upande wa mto na jingine karibu na mlango. Ulipokuja Krismasi uliyaona, ukadhani tumetajirika. Lile la mlangoni halijawahi kuona hata pezi la samaki. Mzee Godana alipokuja tena, nilimwekea nyama ya pipa lile na sikumwambia kitu. Alikula. Kisha akavuta sinia karibu zaidi na yeye, huku akiongea na babu yako habari za malisho kana kwamba mkono ule si wake.

Nilitoka nje nikaruka juu peke yangu nyuma ya choo. Hakuna mtihani uliowahi kunifurahisha hivyo.

Sasa unaona. Bangale hakuna samaki, ni kweli. Lakini nenda ukaangalie gunia ambalo mama yako amelishona leo na kulificha chini ya kitanda chako. Ni kambare watupu. Na kila lori litakalokwenda kuchukua ng'ombe huko litakuja na gunia jingine, kwa sababu wewe ni mtoto wa mtoni, huwezi kukaa mwezi bila samaki, na ukikaa utakonda na mama yako atasema Bangale wamekuroga. Utawapasha moto wale samaki, utawarudishia moshi wasiingiwe na funza. Utafanyia wapi? Ndani ya lile jekundu lenye chumba kimoja. Na siku mzazi wa mwanafunzi wako akipita kukusalimu, utamwekea nyama kutoka humohumo.

Wewe utasema, kama ulivyosema tukirudi njiani, "Wasipokula, shauri yao." Hapana, Komora. Shauri yako. Wewe ni mtoto wa wakulima unakwenda kufundisha watoto wa wafugaji. Watakuheshimu kwa sababu ya chaki. Lakini kama hakuna anayekula kwako, utakuwa mgeni mpaka siku utakayohamishwa, nami sitaki uwe mgeni. Hicho tu ndicho ninachokiogopa katika safari yako. Simba siwaogopi, na barabara utapita.

Lile kabati la zahanati nililichora mimi. Sikusema asubuhi kwa sababu ulikuwa umeshalicheka, na nikiwa na hasira huwa nakosa maneno. Nililichora shuleni, nikamletea Fundi Shee, akaniuliza ni nyumba ya njiwa au nini. Nilijua chumba chako cha mwalimu kitakuwa na ua mdogo, na lori halitakubali mapipa mawili. Ndiyo maana ni jiko moja lenye roho mbili. Ukifungua kibati cha kulia, moshi unakwenda kwenye nyama. Ukikifunga na kufungua cha kushoto, unakwenda kwa samaki. Usifungue vyote pamoja, hata ukiwa na haraka.

Ule mdomo ulioinama juu ya sanduku la moto ni wa fundi, aliutoa kwenye mashine ya posho. Unaujaza tonge zetu za makapi ya mpunga, zile tunazochoma badala ya kuni, na za chini zikiisha za juu zinateremka zenyewe, kama mahindi yanavyoteremka kusagwa. Unaweza kusahihisha madaftari na jiko likajilisha. Hapo pia nilikosea. Nilifinyanga tonge za kwanza kubwa kama ngumi, zikakwama mdomoni, moto ukafa, na nyama ikabaki vuguvugu mpaka nzi wakaiwahi. Sasa nazifinyanga kama tende, na uji wa muhogo kidogo wa kuzishikanisha, na nazianika mpaka zikigongana zinalia. Nimekufungia gunia moja. Zikiisha, Bangale hakuna makapi, lakini kuna miti mikavu. Waulize akina mama wa huko wanafukizia vibuyu vyao kwa mti gani, uutumie huohuo. Usiwafundishe. Waulize.

Sikuamini mchoro wangu mpaka nilipolijaribu. Nilikata viazi vyembamba nikavitandaza wavu mzima, nikafunga mlango, nikasubiri. Vya upande wa moto viliungua, vya mbali vikawa vibichi. Fundi akanung'unika, "Bibiye, mie nimefunga, nawe waja kunikaangia viazi puani." Lakini aliweka kipande cha chuma cha kukinga mwali, na mara ya pili vilitoka rangi moja, kutoka ukutani mpaka mlangoni. Alivitazama, akameza mate, akaniambia nivipeleke mbali. Kisha tukawasha majani mabichi tuone moshi unatokea wapi. Ulitoka bombani tu. Lile jekundu, mwulize fundi ukitaka, linavuja kwenye mfuniko kama pakacha.

Hata hivyo mimi sitakuchagulia. Jekundu lina magurudumu, langu halina. Jekundu ni jepesi, langu litawatoa jasho wapakiaji wa lori. Na ukilipenda jekundu kwa moyo wako wote baada ya kusoma haya, lichukue, nami nitakuwa mama yako mdogo vilevile. Kesho sitakuja kwa fundi. Mama akisimama nyuma ya mwanawe anapochagua, huwa ameshamchagulia. Nitakuaga hapa mlangoni, na sitamuuliza Fundi Shee ni lipi limebaki uani.

Utafika mwezi wa Ramadhani ukiwa haujaisha. Usichome nyama mchana, harufu husafiri kuliko sauti. Subiri jua lizame. Na siku ya Idd usishangae ukiona sahani zinaingia kwako, pilau, nyama, haluwa, kutoka kwa watu ambao hata hujawajua majina. Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hukuhitaji chuo kulijua. Mtafute mzee mmoja akuchinjie mbuzi mapema, uitie nyama motoni polepole, na kila sahani irudi na pande lake. Nami wiki ijayo nitakuwa nimerudi shuleni, kidato cha nne, nasoma sana, na likizo ya Agosti nikiwa na matokeo mazuri babu amesema huenda akaniruhusu kuja kukutembelea. Nitakuja na tonge.

Mwalimu Komora. Nimeliandika ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri. Tuna furaha na wewe kuliko tunavyoweza kusema tukikutazama.

Nijibu kwa lori la kwanza litakalorudi Garsen baada ya Idd. Usiniandikie umechagua jiko lipi, hilo nitalijua mwenyewe kutokana na jibu lako kwa jambo moja ninalokuuliza mimi, mama yako mdogo Rehema: ulipozirudisha zile sahani, ni nani aliyekaa akala nawe?